Sauti Yangu Ilipokuja Langoni

Nimeambiwa niandike niliyoyaona langoni, ili nyinyi mlioajiriwa juzi msome. Sitaandika nilipandishwa cheo gani, kwa sababu bawabu hapandishwi. Hupewa kufuli jipya. Na anayetaka Kiswahili cha chuo akakitafute kwa waliokwenda chuo. Mimi niliachia darasa la tatu. Kusoma nimejifunzia kwenye daftari la wageni, jina moja moja, mgeni amesimama mbele yangu anatazama saa. Sikuona haya wakati ule, na sasa nimechelewa kuanza.

Siku ya kwanza nilifika shuleni kwetu, hapa Mji wa Kale, alfajiri, nimevaa viatu vinavyong'aa. Aliyenipokea ni Mzee Shee, bawabu niliyekuja kumrithi. Hakunitazama uso, alinitazama miguu.

"Viatu vya nani hivyo?"

"Vya shemeji yangu."

"Kesho njoo na makubazi yako. Bawabu anayebanwa na viatu hufungua lango upesi apate kuketi."

Hilo ndilo somo la kwanza, na silioni katika karatasi zenu za mafunzo.

Somo la pili lilikuwa kengele. Shule yetu ilikuwa na kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu, kimetundikwa kwa waya kwenye mwarobaini ulio karibu na lango. Tulikipiga kwa bolti ya lori iliyotoka Shimanzi. Kipande kile kilikuwa na ufa, basi kikipigwa hakinyamazi mara moja. Kwanza *ngo*, halafu kinaburuta mkia wa mlio, kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Ukoo mzima wa hapa, mama na binti yake na mjukuu, wamekimbizwa na mlio ule. Nimeona walimu wenye shahada wakijaribu kukipiga, mkia wa mlio hautoki. Yataka kiwiko.

Somo la tatu lilikuwa maswali matatu. Mtu akija kutaka mtoto katikati ya masomo, Mzee Shee alimwuliza: U nani? U wa nani? Umetumwa na nani? "Jina mtu hujipa," aliniambia. "Ukoo hajipi. Muulize mpaka afike kwa mtu unayemjua wewe, halafu huyo mtu nawe umuulize." Mji huu ni mdogo. Ukiuliza vizuri, hakuna mtu asiyefika kwa nyanya wa mtu.

Maswali hayo yamenitosha miaka yote. Aliwahi kuja bwana mmoja, suti na manukato, anadai ni mjomba wa watoto wawili. Nikamuuliza nyanya yao aitwa nani. Akasema, "Bibi yao yupo, mzima." Nikamwambia nafurahi kusikia yu mzima, lakini aitwa nani? Akaenda zake bila kuaga. Kumbe alikuwa ametumwa na baba aliyeachana na mama yao, na kadhi alikuwa amekwisha sema watoto wakae kwa nani. Suti haina ukoo, vijana. Iandikeni hiyo.

Kisha zikaja simu kubwa za kioo, na wazazi wakafungua kundi lao la WhatsApp. Wakanitia na mimi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akinipigia: Mzee Mbwana, watoto wametoka? Mzee Mbwana, kuna mtihani leo? Kuandika kwa kidole sikuweza. Nikafundishwa kubonyeza na kusema. Basi nikawa nasema. Nakiri nililipenda jambo lile. Mtu aliyeachia darasa la tatu anabonyeza, anasema maneno mawili, na wazazi mia wanajibu "Sawa mzee", "Shukran mzee". Ikafika hadi mwalimu mkuu akitangaza jambo wanauliza: "Mzee Mbwana amesemaje?" Nilivimba kichwa. Sauti yangu ikawa ndiyo muhuri wa shule.

Siku moja akaja mtu kumtaka mtoto wa kike, amemtaja kwa jina. Amevaa shati la kazi, gunia begani. Swali la pili likamshinda. Nikamshika mkono wa shati, akachomoka, akakimbilia vichochoroni. Nikabonyeza simu papo hapo, huku bawabu msaidizi wangu, niliyemfundisha kiwiko, akipiga reli ya kwenda nyumbani. Nilisema hivi, nayakumbuka kwa moyo kwa sababu nimelazimika kuyasikia mara nyingi kuliko nilivyotaka:

"Asalam aleykum wazazi. Ni mimi Mzee Mbwana wa langoni. Leo kuna mtu amekuja kutaka mtoto wa kike, hajulikani ni wa nani. Ana shati la kazi na gunia. Njooni mchukue watoto wenu nyinyi wenyewe. Msimtume mtu."

Wazazi wakaja, wakachukua watoto wao. Hakuna mtoto aliyepotea. Nilisifiwa hata msikitini.

Mwaka ukapita. Likizo moja, kamati ya shule ikafunga kengele ya umeme. Reli ikashushwa, ikapakiwa mkokoteni na vitanda vibovu, ikaenda na wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilipinga. Wakaniambia, mzee, hayo ni maendeleo. Maendeleo yenyewe umeme ukikatika hayalii. Waya tu ndio uliobaki umening'inia mwarobainini.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi, mapema kidogo kabla ya mapumziko. Akafika mtu mweusi mrefu, shati la kazi limejaa vumbi la unga, gunia limekunjwa begani kama wanavyoliweka mahamali wa Shimanzi. Alisalimu vizuri. Nikaanza.

"U nani?"

"Kazungu, mzee."

"Wa nani?"

"Mimi ni ndugu yake Sidi, mamake Neema, wa darasa la nne. Kwetu Kaloleni."

Sidi nilimjua, mama mpole, mjamzito mkubwa wakati ule. "Nani amekutuma?"

"Yeye mwenyewe. Ameshikwa na uchungu, amepelekwa hospitali. Nyumbani hakuna mtu wa kumpokea mtoto."

Nikapiga simu ya Sidi. Imezimwa. Nikamtumia ujumbe wa sauti mwalimu wa darasa la nne. Akajibu watoto wamo katika mtihani, ningoje nusu saa. Basi nikafanya kama nilivyofundishwa: mgeni ambaye swali lake la tatu halijafungwa anaketi kwenye benchi la ndani ya lango, mahali ninapomwona. Nikafunga kufuli. Kazungu akaketi, gunia magotini, akawa anasugua viganja. Mtu ana dada hospitali na anangoja mtihani wa hesabu uishe.

Lango letu ni la vyuma vya kusimama. Ninapomwona mimi, na wapita njia wanamwona.

Sijui nani alipita akampiga picha. Nasema sijui, na sitaki kumdhania mtu. Ninalojua ni kwamba asubuhi ile ile, ile sauti yangu ya mwaka uliopita ilikuwa imeanza kuzunguka tena, kutoka kundi moja kwenda jingine, imetolewa ilikokuwa imelala. Halafu ikaja picha: mtu wa shati la kazi, ana gunia, yuko ndani ya lango la shule. Vitu viwili vikakutana. Mtu angehitaji nini zaidi?

Wa kwanza kufika walikuwa kina mama watatu, mabuibui yamewakaa upande, mmoja hana viatu. Nikadhani kuna moto. Halafu tuktuk mbili. Halafu watu kwa miguu kutoka Makadara, na wengine kutoka upande wa Ndia Kuu, maduka wameyaacha wazi. Na kabla hawajanifikia nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia wala siombi kukisikia tena. Nilijisikia mimi. Simu kumi, ishirini, kila moja inasema kwa sauti yangu, na hakuna mbili zilizokwenda pamoja, kama watoto wa chuo cha Kurani wanaosoma kila mmoja aya yake. *Asalam aleykum wazazi. Hajulikani ni wa nani. Ni mimi Mzee Mbwana. Njooni. Njooni.*

"Ndiye huyo! Huyo aliyeketi!"

"Mzee, fungua!"

"Huyu ni mjomba wa mtoto," nikasema. "Tulieni, ni ndugu yake Sidi."

"Wewe mwenyewe umesema hajulikani!"

"Nilisema mwaka jana!"

"Mwaka jana? Sikiliza hapa! Umesema *leo*!" Mama mmoja akanibandika simu usoni kupitia vyuma. Na kweli, nilisema leo. Sauti ni yangu. Nikishindana na sauti yangu mwenyewe, nani ataniamini mimi?

Bakari, dereva wa tuktuk ninayemjua tangu akivaa kaptula, akapanda chuma cha chini cha lango. "Mzee Mbwana, mate ukishayatema, wayalambaje? Nawe amekupa kitu huyo?"

"Bakari, nimekufungulia lango hili miaka minane ukichelewa. Nakwambia mtu huyu hana hatia."

"Basi mtoe tumuulize sisi."

Nimeishi mji huu. Najua "tumuulize sisi" maana yake nini. Anayeulizwa hivyo hajibu swali la pili.

Jiwe la kwanza lilipita. La pili likampata Kazungu juu ya jicho. Hakupiga kelele. Alitia kiganja usoni, damu ikashuka kwenye vumbi la unga, ikawa uji mwekundu. Akaja nyuma yangu, akaniambia polepole, "Baba, nionyeshe mlango wa nyuma nikimbie."

"Ukikimbia umekufa. Simama nyuma yangu."

Komeo lilianza kupinda. Watu wa nyuma walikuwa wakisukuma wa mbele, na wa mbele, hata waliotaka kusita, hawakuwa na pa kusitia. Mkono ukapenya kwenye vyuma ukashika mfuko wangu wenye ufunguo. Nikaurudisha mkono ule kwa rungu, Mungu anisamehe. Nikatoa ufunguo, nikautumbukiza kwenye pipa la maji ya watoto kunawia mikono. Pipa lenyewe limejaa, na ukubwa wake naujua mimi ninayelijaza. Nikasema kwa nguvu, "Haya! Hata mimi sasa siwezi kufungua."

Mwalimu Rehema, mkuu wetu wa shule, alikuwa ametoka ofisini anapaza sauti, lakini nani amsikie? Ndipo ikalia kengele ya mapumziko. Ya umeme. *Tiiiii*, nyembamba kama mbu. Na wakati huo huo, kwenye ile simu iliyo mbele ya uso wangu, sauti yangu ilikuwa imefika "Msimtume mtu", na nyuma ya maneno yangu nikasikia *ngo*. Na mkia wa mlio. Nyuki kwenye kopo.

Nilikuwa nimeisikia sauti ile mara nyingi asubuhi ile. Nilikuwa nikijisikiliza mimi tu.

Mwenye simu alikuwa Saumu, muuza viazi karai wa Makadara, na hakuna aliyekuwa akipiga kelele kumshinda. Nikamshika kifundo cha mkono kupitia vyuma.

"Saumu binti Ali. Wewe ulikuwa mchelewaji namba moja shule hii."

"Mzee, si wakati wa—"

"Irudishe mwanzo. Usinisikilize mimi. Sikiliza nyuma yangu. Kuna kinacholia."

"Sisikii kitu, hebu fungua!"

"Itie sikioni!"

Sijui ni ukali wangu wa zamani uliomshika au ni nini. Akaitia sikioni, akaziba la pili kwa kiganja. Nikaona uso wake. Alikuwa mama wa watoto watatu, kisha akawa mtoto wa darasa la sita anayekimbia na mkate mdomoni.

"Hiyo ni reli," akasema.

"Reli iko wapi?"

Akatazama mwarobaini. Waya mtupu.

"Walikwisha iuza," akasema. Kisha akageuka, na ile sauti yake iliyokuwa ikinitaka nifungue akawageuzia wao: "Ni ya zamani! Nyie! Sauti ni ya zamani! Reli yalia ndani yake, sikilizeni!"

"Reli gani? Acha wehu!"

"Wehu mamako! Bakari, wewe si umesoma hapa? Sikiliza!"

Msidhani walinyamaza kama wamemwagiwa maji. La. Waliosoma kwetu waliweka simu masikioni mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaacha kusukuma. Bakari akashuka kwenye chuma, hakunitazama. Lakini wa nyuma, waliotoka mbali na hawakuijua reli ile, wakaendelea kurusha. Jiwe jingine lilivunja kioo cha ofisi. Ikabidi wale kina mama wageuke, waegemeze migongo langoni, wawe ukuta. Saumu alipigwa ubavuni na hakuondoka. Ilichukua muda mrefu. Mpaka Neema alipotolewa darasani akaja mbio, akamwona mjomba wake na damu, akapiga ukelele "Mjomba!" ambao hakuna aliyekuwa pale aliyehitaji kuelezwa maana yake. Ndipo watu wakaanza kuondoka, kila mtu anatazama chini, kama waliotoka mazikoni.

Kufuli lilikatwa kwa msumeno. Ufunguo tuliupata siku tuliyolisafisha pipa.

Kazungu alishonwa juu ya jicho. Sidi alijifungua salama mtoto wa kiume. Nilikwenda kuwaona, na nilitarajia shukrani, kusema kweli. Nilikuwa nimeokoa mtu. Kazungu alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, kisha akaniambia, "Mzee, sauti ilikuwa yako. Na benchi ulinikalisha wewe."

Nilizoea kujibiwa "Sawa mzee". Nikanywa chai yao, nikarudi nyumbani kwa miguu. Wiki ile benchi likahamia nyuma ya ukuta wa ofisi. Mkilikuta huko mkajiuliza kwa nini limefichwa, sasa mmejua. Msilirudishe.

Mwalimu Rehema hakuridhika na benchi. Alianzisha somo, mara moja kwa wiki, kila darasa, si hiari: habari ikikufikia mkononi, ufanye nini kabla hujaipitisha, na picha na jina la mtu mwingine ni amana gani kwako. Mzazi mmoja akasimama kikaoni: "Watoto hawaruhusiwi simu shuleni, somo la simu la nini?" Nikaomba ruhusa, nikamjibu mimi. Nikamwambia waliokuja na mawe hawakuwa watoto. Walikuwa wazima, walifundishwa kujumlisha na kutoa, ramani na mashairi, na hakuna siku waliyofundishwa kuuliza sauti imetoka wapi. Akakaa chini. Nadhani na yeye alikuwa na jiwe siku ile.

Mwalimu akaniingiza darasani. Mimi, wa darasa la tatu, nimesimama mbele ya ubao. Nikawapa watoto maswali ya Mzee Shee, nikayageuza: habari hii ni ya nani? Amepewa na nani? Huyo aliyempa waweza kumfikia umuulize? Na la nne ni langu, nililolinunua kwa damu ya mtu mwingine: *lini?* Kwa sababu mimi nilisema "leo" nikasahau kuitaja siku, na leo ya kwenye simu haichwi.

Mtoto mmoja wa kike mbele akanyoosha mkono. "Babu, na kama ni sauti yako kweli, tukuulize hata wewe?"

"Mimi ndiye wa kwanza kuulizwa."

Wakacheka. Sikuwa nafanya mzaha.

Nimestaafu mwisho wa muhula uliopita. Kalamu hii ningekuwa nimeiweka chini hapo, lakini wiki iliyopita alinipigia dada yangu aliyeolewa Malindi. Anahema.

"Kaka, mbona hukunambia? Watoto waibwa huko! Huku wamekwenda wote kuwatoa shuleni, jirani yangu amebeba panga."

"Nani kakwambia?"

"Si wewe! Ninayo hapa, nimerushiwa. Si sauti yako hii?"

"Ni yangu. Ni ya zamani. Keti, isikilize tena. Sikiliza nyuma ya maneno."

Nikamngoja. Nilisikia simu yake ya pili ikisema kwa sauti yangu, mbali, *asalam aleykum wazazi*, na mwishoni, ndogo sana, reli.

"Wasikia?"

"Nasikia chuma chalia tu, kaka. Ndiyo nini?"

Dada yangu hakusoma kwetu. Malindi hawakusoma kwetu, wala Voi, wala Garissa. Siku ile aliyetuokoa ni Saumu kwa kuchelewa kwake, na kila shule haiwezi kuwa na Saumu na reli yenye ufa. Kwa hivyo wale walio na kalamu huko juu walifanye somo lile lazima katika kila shule ya umma, kama hesabu, na wasikawie.

Nilimwambia, "Mkimbilie jirani yako. Kabla ya jingine lolote, muulize: lini?" Simu ikakatika. Nikakaa nikingoja anipigie, kabambe, simu ya vibonye niliyobaki nayo, mkononi, kwa muda mrefu kuliko ule mtihani wa hesabu.

Alipopiga alisema, "Amerudisha panga. Lakini, kaka, mwenzake tayari amekwisha irusha ile sauti mbele."

Mimi nimestaafu. Sauti yangu bado iko kazini.